Shukrani kwa mama wa Angkor Wat

Mama uliyejifunga skafu ya miraba, pale ukingoni mwa bwawa la kaskazini, Angkor Wat, asante sana. Jina lako sikulipata.

Hekalu lile la karne ya 12 linatazama magharibi, ndiyo maana jua huchomoza nyuma ya minara na kila mpiga picha hugombea ukingo uleule tangu kungali giza. Watu walikuwa wamebanana, nami nimezibwa na migongo. Ukanishika mkono, ukasogeza kigoda chako, ukaniweka mbele. Lenzi yangu ilikuwa imejaa ukungu kwa ule unyevu wa Kambodia. Ukanipa ncha ya skafu yako niifute, kisha ukaniashiria kwa kiganja nisubiri. Wengi waliondoka mara anga lilipogeuka waridi. Wewe ulijua jua lenyewe bado. Lilipojitokeza, vivuli vya minara yote mitano vilikuwa vimetulia majini, hata kimoja hakijakatika.

Lugha ya pamoja hatukuwa nayo, lakini wema wako niliuelewa wote. Picha ile nimeisafisha kubwa, iko sebuleni kwetu, na wanangu wanajua habari zako. Mungu akuzidishie afya, mama.