Baba, nimeliona lile Datsun

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi ni mzima, wasiwasi ni juu yenu tu mlio mbali na macho yangu. Zile pesa za mabati ya jikoni natumaini zimefika. Mama, tafadhali zisiishie kwenye michango ya harusi za watu.

Baba, leo barua ni yako. Jumamosi nimeliona lile Datsun.

Ndilo hilo hilo. 240Z jekundu, boneti nyeusi, namba 11 ubavuni, lililoshinda mbio za magari za Safari Rally Pasaka ya 1971, Edgar Herrmann akiwa usukanini na Hans Schüller akimsomea njia. Si mfano uliotengenezwa baadaye, ni lenyewe. Liko Zama, mkoa huu huu wa Kanagawa ninakokaa hapa Japani, katika kiwanda cha zamani cha Nissan. Kampuni imehifadhi humo magari yake ya tangu enzi na enzi, mamia, yamepangwa safu kwa safu kama watoto kwenye gwaride la asubuhi. Kuingia ni bure ila uwe umeomba nafasi mapema, na wakikuambia saa nne ni saa nne, siyo saa nne ya Voi.

Sasa, unajua kazi yangu hapa yadini. Gari likitoka mnadani huja na karatasi yenye mchoro wa bodi. Mkwaruzo huandikwa A, palipobonyea U, palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi W, kisha namba ya kuonyesha ukubwa wake. U2 moja tu mlangoni na bei inateremka. Kutwa nazunguka gari na tochi nikilitafutia kasoro kama mama mkwe. Magari mengi tunayoyapakia ni ya kuja huko Mombasa, na mteja wa Nairobi akiona W kwenye karatasi anapiga simu usiku wa manane.

Kwa hiyo nilifika Zama na macho hayo hayo. Nilitegemea kukuta gari linalong'aa mpaka unajiona meno. Nikakuta madigadi imekunjamana, bodi ina makovu, rangi imechubuka. Nikaanza kuhesabu U moyoni, halafu nikaacha, nikaona haya.

Si kwamba wamelitupa. Wapo wafanyakazi wa Nissan wenyewe, wahandisi na mafundi, walioanzisha klabu ya kufufua magari ya kale mwaka 2006. Hufanya kazi hiyo nje ya saa za kazi, kwa mapenzi yao. Mwaka 2013 zamu ikawa ya hili. Mitambo wakaifungua na kuirudishia uhai: ile injini ya L24, silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, cc 2,393, ikawaka tena na gari likatembea. Lakini bodi wakaiacha na majeraha yake ya Safari. Mtu akikaa na nyundo siku mbili anainyoosha, sote tunajua. Hawakutaka.

Mzee aliyetutembeza aliponiuliza natoka wapi, nikasema Kenya, akanikatiza: "Safari!" Akainama, nami nikainama, tukabaki tunainamiana. Vijana wa hapa ukiwatajia Kenya wanakuuliza habari za simba au za wakimbiaji wa marathoni. Wazee wa rika lake ni wengine. Mwaka 1969 ilitoka hapa filamu ya Kijapani kuhusu mashindano yetu, mwaka uliofuata Herrmann akashinda na Datsun Bluebird, uliofuata tena akashinda na hili. Wao waliijua Kenya kwa matope ya masika yaliyoganda kwenye Datsun. Nami nilikua nadhani ni sisi tuliowajua wao kupitia magari.

Nilimwambia kwamba baba yangu, akiwa mtoto, alilala kando ya barabara pale Maungu kuyasubiri, na kwamba gari jekundu lilimpita alfajiri likamrushia tope usoni. Sikuongeza kwamba Mama husema lilikuwa Peugeot. Mama, nisamehe. Nawe Baba usifurahi sana, kwa sababu mwaka huo Datsun hazikuwa moja. Aliyekuja wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye kwenye 240Z. Yule yule mzaliwa wa Uganda aliyeshinda 1973 baada ya kufungana pointi na Harry Källström, wakaamuliwa kwa aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Kwa hiyo tope lako laweza kuwa la Mehta. Mimi ningelipokea vilevile.

Kugusa hawaruhusu. Nilichuchumaa nikachungulia chini kama ninavyofanya kazini, mzee akacheka akanisubiri.

Sasa tuje kwa pikapu. Kwenye simu ulisema umepata fundi wa bodi atakayenyoosha ule ubavu wa kushoto, pale tembo alipoegemea usiku ule mnatoka Maungu, na kwamba ukishapakwa rangi utafanana na mpya. Baba, subiri kwanza. Ile ni U3, na kama ingekuwapo U4 wangeiandika, lakini ni tembo. Nani mwingine pale mtaani ana tembo kwenye gari lake? Hizo pesa ziende kwenye giaboksi, maana gia ya pili inaruka tangu mimi niko sekondari na hapo hapana cha kumsingizia mnyama.

Naomba unipigie picha ya kibati cha namba ya chesisi na ya taa ya nyuma ya kulia, ile iliyofungwa kwa waya. Kuna yadi ya vipuri vikuukuu si mbali na hapa, na mwenyewe nimeanza kuzoeana naye. Nikipata nitaiweka ndani ya gari la mteja mmoja wa Mombasa aliyekubali kunibebea.

Fundi mwambie nimesema asubiri. Akiuliza kwa nini, mwonyeshe picha niliyoituma leo kwenye simu ya Mama.

Wasalimieni wote. Mama, mabati.

Mwanenu