Risala ya Kikundi cha Wagonjwa na Wauguzaji wa Uvimbe wa Ubongo na Uti wa Mgongo kwa Mgeni Rasmi, Uyole, Mbeya, 1 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wetu,
Viongozi wa dini na wa mtaa,
Wauguzi na matabibu mliotuitikia,
Wanachama na majirani,

Kamwene kwa waliotoka Iringa na Njombe, mugonile kwa ndugu zetu wa Rungwe na Kyela, na shikamooni wazee wote mlioketi mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunashukuru umefika. Tunaijua foleni ya malori ya kuja huku Uyole, na mtu aliyeivumilia kwa ajili ya kikundi kisicho na hata ofisi anastahili chai kabla ya risala. Mwenyekiti amesema risala kwanza. Mimi ndiye katibu, nauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, na nimepewa kazi hii kwa sababu miwani yangu ndiyo nzima. Wewe ni daktari. Nikitamka jina la ugonjwa vibaya, utanisahihisha tukifika kwenye hiyo chai.

Kikundi hiki kilizaliwa kwenye benchi la kusubiria majibu ya CT, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Tulikuwa wanawake watatu, tukaazimana chaja ya simu, tukaazimana na simulizi. Leo tuna wanachama kutoka Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Kila wiki tunaweka elfu mbili kwenye kibubu, na fedha hiyo ina kazi moja: nauli ya mgonjwa na mtu wa kumsindikiza kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako upasuaji mwingi wa ubongo na uti wa mgongo wa nchi hii hufanyika. Ni zaidi ya kilomita 800. Mwenye uvimbe mgongoni analihesabu kila tuta la Mikumi kwa meno.

Mwanangu alikuwa kidato cha pili ilipoanza. Kichwa kilimuuma asubuhi, akishatapika anapata nafuu, anavaa sare anaenda shule. Alitibiwa malaria. Akatibiwa taifodi. Akapimiwa miwani. Akaombewa, nami nilikuwa mbele nikipiga magoti. Miezi minane ikaenda hivyo, mpaka alipoanza kupepesuka kama mlevi, na tabibu mmoja kijana katika zahanati nyingine akamwambia asimame, abane miguu, afumbe macho. Mtoto akayumba akataka kuanguka. Yule kijana akaandika rufaa palepale, mkono wake ukitetemeka kuliko wangu. Uvimbe ulikuwa kisogoni, umebana njia ya maji ya ubongo. Haukuwa saratani kali. Ulitolewa, na mwenyewe ndiye yule aliyekuwa anapanga viti mlipoingia.

Wodini Dar es Salaam nilipakana kitanda na mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa anamuuguza baba yake. Usiku ni mrefu wodini, Mheshimiwa. Mengi nitakayosema leo nilianza kuyasikia kwake, na mengine tumeyatafuta wenyewe tangu hapo, kwa sababu mtu akishaambiwa mtoto wake ana kitu kichwani hawezi tena kulala bila kujua ni kitu gani.

Aliniambia habari za Harvey Cushing, daktari wa Marekani aliyefariki mwaka 1939. Wakati anaanza, kumfungua mtu kichwa kulikuwa karibu sawa na kumuaga. Mikono yake ilikuwa mizuri, lakini lililonishika mimi ni daftari lake. Aliandika kila mgonjwa: dalili ya kwanza, mchoro wa upasuaji, picha, kipande cha uvimbe chenyewe kikatunzwa ndani ya chupa. Zaidi ya uvimbe 2,000 uliorodheshwa hivyo, na hazina hiyo ipo hadi leo Chuo Kikuu cha Yale. Tena aliwaomba wagonjwa wamwandikie barua kila mwaka, siku waliyopasuliwa ikizunguka, wamweleze wanaendeleaje. Hivyo ndivyo alivyojua uvimbe upi hurudi na upi haurudi. Hakuota.

Sasa tarehe. Tulichagua Oktoba mosi kwa makusudi. Oktoba mosi mwaka 1926, Cushing alimrudia mgonjwa ambaye siku chache kabla alilazimika kumfunga bila kumaliza, kwa kuwa damu ilikataa kusimama. Safari hii alikuja na kisu cha umeme alichokibuni mwanafizikia William Bovie, kinachokata huku kikigandisha damu, na uvimbe ukatoka. Miaka 45 baadaye, Oktoba mosi mwaka 1971, katika hospitali moja ya Wimbledon, London, mama mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo alilazwa kwenye mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield, na kwa mara ya kwanza ubongo wa mgonjwa ukaonekana vipande vipande kwa CT bila kufunguliwa fuvu. Hounsfield alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hesabu za jambo hilo alianza kuziwaza akiwa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Kwa hiyo mtu akituambia CT ni mambo ya wazungu huko mbali, tunamjibu kwamba sehemu ya hesabu ilipigwa katika bara hili hili.

CT siku hizi ipo hapa Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Shida ni miezi inayopita kabla mtu hajaelekezwa huko.

Tena Nyanda za Juu tuna sababu yetu ya pekee ya kuharakia picha. Mwenzetu mmoja wa Mbozi alianza kuanguka kifafa akiwa mtu mzima wa miaka arobaini. Ndugu wakaambiwa ana uvimbe, wakaanza kuuza ng'ombe. Picha ilipotoka, ilikuwa vifuko vya tegu wa nguruwe, yule mnyoo, ndani ya ubongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamekuja mara kadhaa kuwachunguza nguruwe wa Mbozi na Mbeya Vijijini kwa ajili ya mdudu huyu, na si bure. Watu wengi hapa wanadhani ugonjwa huu anaupata mla kitimoto peke yake. Ukila nyama yenye vifuko isiyoiva vizuri, utapata tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni vinatokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye choo cha mtu mwenye naye, kwa mikono, kwa mboga, kwa maji. Hata sheikh wetu aliyeketi hapa, ambaye hajawahi kuonja nyama hiyo, anaweza kuyameza kwenye kachumbari. Mwenzetu alitibiwa kwa dawa. Ng'ombe wawili walikuwa wameshaenda, na hao hawakurudi. Kifua kikuu nacho huweza kuota kama uvimbe kichwani. Kwa hiyo kila bonge halina jina mpaka lionekane na lipimwe.

Mama yetu wa Tukuyu, mchuma chai, miguu ilianza kufa ganzi polepole. Wakasema amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Alifika kwenye MRI, mashine nyingine ya picha za ndani, akiwa anabebwa mgongoni na mkwewe. Ulikuwa uvimbe wa utando unaofunika ugwe wa mgongo, aina inayowapata zaidi wanawake wa umri wa makamo, nao mara nyingi si saratani. Ukitolewa mapema mtu hurudi kutembea. Jambo hili linajulikana tangu mwaka 1887, Victor Horsley alipomtoa kapteni mmoja wa London uvimbe wa mgongoni baada ya mwenzake William Gowers kuotea ulipo kwa kumpapasa na kumuuliza maswali tu, kwani hapakuwa na mashine yoyote. Kapteni alitembea. Mama yetu anatembea kwa fimbo, na akitaka kukukasirikia huiweka fimbo pembeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba nikae kidogo kwenye mishipa ya damu, maana hiyo ndiyo isiyoeleweka kabisa mtaani. Kijana wetu wa bodaboda wa Mbalizi aliumwa kichwa ghafla kama aliyepigwa rungu, akaanguka, abiria wakadhani amelewa. Alikuwa amezaliwa na fundo la mishipa ubongoni. Damu ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, ina nguvu, na kwa kawaida hupita kwanza kwenye kapilari nyembamba, nguvu ikapungua, ndipo iingie kwenye vena, mishipa inayoirudisha moyoni. Kwenye fundo hilo kapilari hazipo. Ni sawa na kuunganisha bomba kuu la maji yanayoshuka kutoka mlimani moja kwa moja na mpira wa kumwagilia bustani. Mpira utahimili mwaka, utahimili kumi, siku moja unapasuka. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya watu 100 wenye fundo hilo, wawili hadi wanne hivi huvuja damu kila mwaka.

Mtu angefikiri basi kila fundo likatwe. Hapo ndipo utafiti ulipotufundisha unyenyekevu. Mwaka 1986 Robert Spetzler na Neil Martin walitoa kipimo cha madaraja matano: ukubwa wa fundo, kama limekaa sehemu nyeti ya ubongo, na kama damu yake inatoka kupitia vena za ndani kabisa. Fundo la daraja la kwanza hukatwa kwa usalama, la tano huogopwa. Kisha mwaka 2014 yakatangazwa matokeo ya utafiti ulioitwa ARUBA, wa watu ambao fundo lao lilikuwa halijapasuka. Kundi moja lilipewa dawa za kutuliza dalili tu, la pili likaongezewa upasuaji, au gundi inayopelekwa kwa mrija ndani ya mshipa, au mionzi. Kwa wastani wa miezi 33, walioachwa bila kuguswa ndio waliopata kiharusi na vifo vichache zaidi. Madaktari wanabishana nao mpaka leo, wakisema miezi 33 ni michache kwa ugonjwa wa maisha yote, na mimi muuza mchele naona wana hoja. Lakini kijana wetu fundo lake lilikuwa limeshapasuka, hivyo utafiti ule haukumhusu, na alitibiwa. Mtu kujua yuko upande gani wa utafiti ni nusu ya tiba.

Sitaficha upande mwingine. Tulikuwa na mwalimu kutoka Mafinga mwenye glioblastoma, saratani ya ubongo iliyo kali kuliko zote za watu wazima. Tiba inayotumika duniani kwa ugonjwa huo msingi wake ni utafiti wa mwaka 2005 uliofanywa kwa wagonjwa 573: mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi. Nusu ya waliopata vyote viwili waliishi zaidi ya miezi 14.6, waliopata mionzi peke yake miezi 12.1. Tofauti ni miezi miwili na nusu. Ni muda wa maharage kukaribia kuvunwa tangu yapandwe. Mjane wake, aliye hapa nasi, anasema katika miezi ya namna hiyo mumewe alimwonyesha mpaka wa shamba na akamwozesha binti. Miaka miwili ikifika, waliobaki hai walikuwa 26 na nusu katika kila 100, badala ya 10. Mwalimu wetu hakufika huko. Tunaomba tusimame kimya kwa muda mfupi.

Asanteni. Ketini.

Kuna aina ya uvimbe wa ubongo inayokua polepole, na huko habari ni njema zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioongezewa dawa tatu baada ya mionzi, nusu yao waliishi zaidi ya miaka 13, dhidi ya miaka 7.8 ya wengine. Moja ya dawa hizo, vinkristini, inatokana na kile kiua cha rangi ya waridi chenye petali tano kinachoota uani bila kupaliliwa, asili yake Madagaska. Tafadhali asiende mtu kukichemsha! Ni sumu, kiwandani kinachujwa kwa tani ili kupatikana gramu.

Sasa ombi letu, Mheshimiwa. Watu wa ARUBA na wale 573 walitoka Ulaya, Marekani na nchi nyingine za mbali. Hatumo. Sisi hatujaona aliyeandika uvimbe wa Nyanda za Juu unaanzaje, unawapata akina nani, unacheleweshwa na nini. Na hatuwezi kusema Mbeya hawajazoea utafiti: kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hapa kimefanya kazi miaka mingi kwenye UKIMWI na kifua kikuu, na watu wa mkoa huu wamejitolea hata kwenye majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Kwa nini sisi tusihesabiwe?

Tumeanza wenyewe, kwa kaunta buku ya kurasa mia mbili. Kila mwanachama ana namba badala ya jina, na hakuna anayeandikwa bila kukubali mbele ya shahidi. Tunaandika umri, wilaya, dalili ya kwanza, mwezi ilipoanza, mwezi wa picha ya kwanza, kilichoonekana na kilichofanyika. Safu inayotuuma ni ya miezi kati ya dalili na picha. Ya mwanangu imeandikwa 8, na kuna zinazoizidi. Kila mwaka tunampigia simu kila mmoja siku aliyopasuliwa, kama zile barua za Cushing, ila sisi hatuhitaji stempu. Wawili tumegundua uvimbe umerudi kwa simu hiyo tu, kabla wao hawajakubali kwamba kichwa kinauma tena.

Lakini kaunta buku ya muuza mchele si rejista. Tunaomba uipeleke kwa wanaojua, ipitishwe na kamati ya maadili ya utafiti, iwekewe mtu wa takwimu, na zahanati zetu zipewe karatasi moja ya kubandika ukutani yenye dalili za kupelekea rufaa: kichwa cha asubuhi chenye kutapika, kifafa kinachoanza ukubwani, miguu inayokufa ganzi, mtoto anayepepesuka. Nauli tutaendelea kuchanga wenyewe.

Daftari lenyewe hili hapa. Ukurasa wa kwanza una doa la chai, samahani, niliuandikia pale benchini. Nakala tumebaki nayo. Naomba nishuke nikukabidhi.

Ndaga fijo. Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi