Barua kwa mpwa wangu: nyimbo za Kijapani za majani kupukutika

Mpwa wangu mpendwa,

Salaam nyingi. Uliniomba orodha ya nyimbo za Kijapani za majira wanayoyaita aki. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa wenzako wengi wanaojifunza Kijapani hukwama palepale ulipokwama wewe.

Tuanze na neno lenyewe. Kamusi hutafsiri aki kuwa vuli. Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba: ardhi inalowa, majani yanachipua, watu wanashika majembe. Aki ni safari ya upande wa pili. Joto linakatika, anga inatakata, majani yanageuka rangi kisha yanapukutika. Ukizisikiliza nyimbo hizi ukiwa na vuli yetu kichwani, utashangaa kwa nini mwimbaji anaaga kila kitu.

Kosa la pili ni kukusanya kila wimbo wa huzuni na kuuita wa aki. Huzuni peke yake haitoshi. Wimbo mzuri wa aki una wiki zake: kuna wa siku za mwisho za joto, kuna wa wiki moja ya maua yanayonukia, kuna wa majani mekundu. Rangi huanza kaskazini, kwenye milima ya Daisetsuzan kule Hokkaido, mwezi wa Septemba, na huteremka kusini polepole hadi kuifikia Kyoto na Tokyo katika nusu ya pili ya Novemba. Zipange nyimbo zako kwa kalenda hiyo, na kila mmoja utaufungulia mlango unaofuata. Ukizichanganya zinauana.

Mwanzoni weka "Shonen Jidai" wa Inoue Yosui, uliotoka Septemba 1990. Unasimulia likizo ya kiangazi inavyoyeyuka, na piano yake haina haraka. Humo utakutana na neno "kazeazami", nawe utapekua kamusi hadi uchoke. Usijisumbue, halimo. Inoue alilitunga mwenyewe kwa kuunganisha upepo na ua la mbaruti, na Wajapani wenyewe hulisikia hivyo hivyo, kwa hisia tu.

Kisha "September" wa Takeuchi Mariya, wa Agosti 1979. Ukiutafuta kwa jina hilo pekee utaletewa wimbo wa bendi ya Kimarekani, basi andika 竹内まりや pamoja na jina la wimbo. Muziki ni wa Hayashi Tetsuji na maneno ni ya Matsumoto Takashi. Matsumoto huyu umshike vizuri, maana aki ya muziki wa pop wa Kijapani kwa sehemu kubwa imepita mikononi mwake. Mdundo ni mwepesi, unakaribia kuchezeka, na hapo ndipo wengi hupotea wakadhani ni wimbo wa raha. Fuata maneno. Msichana anamfuata kwa siri kijana aliyevaa shati la rangi ya haradali, anarukia treni aliyopanda, naye kijana anakwenda kwa mwanamke mwingine aliyemzidi umri. Mji umegeuka mchoro wa krayoni. Nguo zake za ufukweni msichana hatazivaa tena. Halafu inakuja kamusi aliyoazima kwa kijana huyo: atairudisha kesho, lakini neno "love" amelikata akalitoa, pamebaki tundu. Angalia jinsi Matsumoto alivyofanya kazi. Hasemi popote kwamba moyo umevunjika. Anakuonyesha ukurasa wenye tundu.

Oktoba 1981 Matsumoto huyohuyo alimwandikia mwimbaji Matsuda Seiko maneno ya "Kaze Tachinu", muziki ukiwa wa Ohtaki Eiichi. Humo msichana ameketi kwenye baraza ya nyanda za juu, anaandika barua ya kuaga kwa wino wa upepo. Huu usikilize kwa spika nzuri ukiweza, au hata vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu Ohtaki hupanga vyombo tabaka juu ya tabaka na spika ya simu huyafuta yote yakabaki maji.

Iwasaki Hiromi nitamgusa kidogo tu, ingawa anastahili zaidi. Wimbo wake wa 1977 unaitwa "Shishuki". Kubalehe kwa Kijapani ni shishunki, na ndani ya neno hilo mna herufi ya majira ya machipuko. Aku Yu, mwandishi wa maneno, aliitoa herufi hiyo akaweka ya aki. Kwa herufi moja akapata umri mpya: ule wa kutazama ujana ukiondoka.

Sasa ile wiki ya maua. Kinmokusei ni mti wa bustani wenye maua madogo ya rangi ya chungwa, unaochanua mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Harufu yake hukufikia kabla hujauona mti wenyewe, kama asumini au kilua jioni huku pwani. Baada ya siku chache, hasa mvua ikinyesha, maua yote yako chini. Bendi ya Fujifabric ilitoa nyimbo nne kwa majira manne, na ule wa aki, "Akakiiro no Kinmokusei", ulitoka tarehe 29 Septemba 2004, wakati mti wenyewe unachanua. Shimura Masahiko anaimba juu ya mtu anayerudi nyumbani, harufu inamkamata njiani, kifua kinamchafuka bila sababu. Shimura alifariki mwaka 2009.

Novemba ni ya Yamaguchi Momoe. Wimbo unaandikwa 秋桜, herufi za "aki" na "sakura", lakini usiusome Akizakura. Unatamkwa "Kosumosu", jina la ua lenyewe, ua lililotoka Meksiko. Sada Masashi aliutunga mwaka 1977, Momoe akiwa na miaka 18. Kesho binti anaolewa. Mama, ambaye siku hizi machozi yako karibu, anakohoa mara moja uani. Anafungua albamu ya picha barazani na kurudia hadithi ileile kwa sauti ndogo, kama anaongea peke yake. Kikohozi kile kimoja kinabeba nusu ya wimbo.

Hapa programu za kutafsiri huharibu. Kuna neno "koharubiyori", na kwa kuwa ndani yake mna herufi za "machipuko madogo", mashine huweza kukuambia ni siku ya majira ya machipuko. Siyo. Ni siku tulivu yenye jua la uvuguvugu aki ikiwa inaisha, baridi ikiwa mlangoni. Ukikosea hapo umeupoteza wimbo wote, maana joto lile la kuazima ndilo siku ya mwisho ya binti kwa mama yake.

Baada yake weka "Kaede" wa Spitz, wa 1998. Kaede ni mti wa mepo, ule wenye majani mekundu, lakini neno hilo halimo popote ndani ya wimbo. Limebaki kwenye jina tu. Usiandike maelezo marefu juu ya majani. Sikiliza mtu anayeaga huku ameibeba sauti ya mwenzake.

Uliniuliza pia jinsi ya kuupata uchungu mtamu wa nyimbo hizi kwa gitaa. Anza na mfuatano wa kodi (chords, yaani noti zinazopigwa pamoja) ambao wanamuziki wa Japani huuita njia ya kifalme: F, G, Em, Am, mipigo minne kila moja. F na G zinaliahidi sikio kwamba C inakuja, yaani nyumbani. Badala yake inakuja Em, kisha unatua Am. Ahadi ile isiyotimizwa ndiyo inayokupa uchungu mtamu unaouzungumzia. Wanaoanza huona Em haijakaa sawa wakaibadilisha kuwa C, na wimbo unakuwa wa sherehe. Iache Em.

Funga na "Mayonaka no Door" wa Matsubara Miki, wa Novemba 1979, muziki wa Hayashi yuleyule wa "September". Una koti la kijivu lenye doa la kahawa, na unataja kipupwe cha pili kuwasili, kwa hiyo mbele yake hakuna aki tena. Jumla ni nyimbo nane, nusu saa na ushei. Utashawishika kuongeza "Christmas Eve" wa Yamashita Tatsuro, mume wa Takeuchi. Humo mvua inageuka theluji. Huo uuache hadi Desemba.

Mjomba wako