Kwa makocha vijana wa riadha vyuoni Mwanza: mtazameni wa tano

Wanangu,

Marahaba kwa wote mlionisalimu. Huwa nawaona alfajiri mkiwapandisha vijana kilima cha Bugando, na mabishano yenu nayasikia: nani ana mkimbiaji mkali kuliko mwenzake. Mimi nawauliza habari za wa tano.

Mbio za nyika, zile za kupita vilimani na njia za vumbi, ni za timu. Kwa hesabu ya vyuo vya Marekani, unapeleka watu saba, wanaohesabiwa ni watano wa mwanzo. Nafasi zao zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Mkali wako akiwa wa kwanza, umeandika 1. Wa tano wako akiingia wa 80, umeandika 80, na ile 1 imekwenda na maji. Huyo wa tano hapigwi picha. Ndiye anayekuja na raba za kuazima, na akikosa nauli ya daladala haji kabisa, wala hamuulizi.

Mtanitajia Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, ziwa letu hilihili. Sawa. Mwaka 1980 alichukua medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow, na kabla mwaka haujaisha akawa bingwa wa nyika wa vyuo vya Marekani, akikimbilia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Lakini chuo chake kilitwaa ubingwa wa timu pia, kwa sababu kocha Ted Banks alikuwa na watu nyuma ya Nyambui.

Kosa ninaloliona kwenu ni kuwakimbiza wote kwa mwendo wa yule mkali, kila siku. Wa tano anajiua Jumanne, Jumatano anachechemea, mwezi haujaisha ugoko unamuuma na mnamwita mvivu. Mkali akipiga mita 1,000 mara sita, huyu mpe nne, kwa mwendo ambao ya mwisho ataimaliza sawa na ya kwanza. Siku ya mbio nyepesi iwe nyepesi kweli: wapige soga wakikimbia, wakishindwa kuongea wapunguze. Tafuteni njia za vumbi, lami inakula miguu. Na jua la hapa mnalijua, saa tatu muwe mmeshamaliza zamani.

Kila mashindano pimeni pengo kati ya wa kwanza wenu na wa tano wenu, kwa sekunde, muandike daftarini. Likipungua, mnafundisha. Lisipopungua, mna mkimbiaji mmoja aliyezaliwa na mbio zake, na ninyi mnamshikia saa tu.

Mkuu wa chuo atauliza medali ziko wapi. Mfungulie daftari, kisha umwombe jozi tano za raba za kawaida kabla hujaomba jozi moja ya bei mbaya.

Mzee wenu, kocha mstaafu,
Nyegezi