YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATANGAZO YANAYOJAZA SIMU YA MAMA YANGU

Kibosho, Moshi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, mteja wa mtandao wenu wa simu kwa miaka mingi. Anatumia simu ya kitochi. Hata akiwa migombani huifunga kwenye pindo la kanga, maana ndiyo inayomuunganisha na sisi wanawe na kliniki yake ya presha mjini.

Jumanne iliyopita mdogo wangu alimtumia meseji kwamba kliniki imeahirishwa. Haikuingia. Kesho yake mama akaamka alfajiri, akashuka na daladala kwenye mvua, akakaa kwenye benchi hadi saa nne ndipo akaambiwa arudi nyumbani. Jioni niliposhika simu yake nikakuta kialama cha bahasha kinawakawaka: nafasi ya meseji imejaa. Nikaanza kufuta moja moja. Zilikuwa 50, na 44 ni zenu: nunua bando, shinda mamilioni, kopa salio, weka wimbo kwa wanaokupigia. Nilipofuta ya tatu tu, ya mdogo wangu ikaingia.

Bango la barabarani mtu hugeuza uso akapita. Redio ikianza matangazo, mama huipunguza sauti. Kwa meseji hana ujanja, kwa sababu mlio wa tangazo lenu na wa mwanawe ni uleule. Ukilia anaacha jembe, anafuta mikono, anatafuta miwani. Siku hizi ameanza kuiacha ilie tu, na hilo linaniuma kuliko nauli iliyopotea.

Nimewapigia mara tatu. Mara mbili nilisikilizishwa matangazo mengine hadi simu ikakatika. Mara ya tatu kijana wenu alinijibu vizuri, akasema ameshayaondoa. Asubuhi yake zikaingia mbili kabla mama hajachemsha chai.

Laini hii aliisajili kwa alama za vidole ili atambulike, si ili auziwe vitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Kwa barua hii anazuia.

Naomba namba yake, niliyoiambatanisha, iondolewe kwenye matangazo yote ndani ya siku 7, nami nijibiwe kwa maandishi. La sivyo nitapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mama ameomba niongeze: meseji za kumjulisha pesa zikiingia msiziondoe, hizo anazihitaji.

Wenu,
Mwanawe wa kwanza