Kabla ya kubadilisha beringi, kagua msingi wa pampu

Mhariri,

Pampu ya maji ikianza kutetemeka, lawama ya kwanza huiangukia beringi, kipande kinachoshikilia mhimili unaozunguka. Inabadilishwa, kaplingi inayounganisha pampu na mota inapangwa upya, rota, yaani sehemu inayozunguka, inapelekwa kusawazishwa, na baada ya muda kelele ni ileile. Naomba nafasi gazetini niwakumbushe wanaosimamia miradi ya maji kwamba mara nyingi ubovu uko chini ya pampu.

Msingi haubebi uzito tu. Hakuna rota iliyo sawa kabisa pande zote, hivyo ikizunguka husukuma kila kinachoishikilia. Msingi mzito na mgumu huumeza msukumo huo. Ulio mwepesi huucheza pamoja na mashine. Kwa hesabu ya mafundi, zege liwe na uzito usiopungua mara 3 ya mashine ya kuzunguka, na mara 5 kwa yenye pistoni, kama jenereta ya dizeli. Pampu na mota yake vikiwa na kilo 500, zege liwe tani 1.5, yaani mita za ujazo 0.6 hivi. Sakafu ya kawaida ya chumba cha pampu haitoshi.

Hatari kubwa zaidi ni mtetemo wa asili wa msingi, yaani kasi unayotetemeka wenyewe ukigongwa, kukutana na mwendo wa mota. Mota ya ncha 4 za sumaku kwenye umeme wetu wa hezi 50 huzunguka karibu mara 1,480 kwa dakika, yaani takriban 25 kwa sekunde. Fremu ya chuma inayobeba pampu na mota, ambayo kwa asili yake hutetemeka karibu na hapo itakuza hata kasoro ndogo ya rota, na utasawazisha mpaka uchoke. Kuirundikia uzito bila kupima kunaweza kuharibu zaidi, maana uzito hushusha mtetemo wa asili. Ugumu ndio unaoupandisha. Mashine ikiwa imezimwa, fremu igongwe kwa nyundo ya mpira na kipima mtetemo kisomwe. Tofauti kati ya mtetemo huo wa asili na mwendo wa mota isipungue asilimia 20. Pampu inayoendeshwa kwa inveta, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, hupita kasi nyingi, kwa hiyo inveta ipangwe iruke kasi ile mbaya.

Hata pasipo kipima mtetemo, spana na geji ya mshale, inayopima msogeo mdogo sana, hufichua mengi. Zima umeme, funga swichi kwa kufuli, weka geji juu ya mguu mmoja wa mota, legeza bolti yake na usome. Kaza tena, nenda mguu unaofuata. Mguu ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, haujakaa sawasawa: kila ukikazwa unapinda mwili wa mota, na beringi mpya itakufa kama ya zamani. Hapo huwekwa chini ya mguu shimu, yaani vibati vyembamba vya kujazia, za chuma kisichoshika kutu, zisizidi 3 au 4. Vipande vya bati vilivyokatwa kwa mkasi havifai. Hujikunja, hupata kutu, bolti inalegea.

Kisha gonga fremu kidogo kidogo kwa nyundo. Mlio wa kitu kitupu maana yake chini kuna uwazi. Aghalabu palijazwa mchanga na saruji, mchanganyiko unaosinyaa ukikauka, au ulimiminwa kutoka pande zote hewa ikanaswa katikati. Grauti isiyosinyaa, yaani uji wa saruji maalumu wa kujaza uwazi kati ya fremu na zege, imiminwe upande mmoja mpaka itokeze wa pili, unene milimita 25 hadi 50, juu ya zege lililochongwa likakwaruza na kuloweshwa siku nzima. Bolti zisikazwe hadi mwisho kabla grauti haijakomaa.

Zabuni nyingi hutaja kilowati za pampu na kumwachia mwashi msingi. Ziandike pia uzito wa zege, aina ya grauti, na mtetemo usomwe siku ya makabidhiano sehemu tatu: kwenye beringi, kwenye mguu na kwenye zege. Mguu ukitetemeka sana ilhali zege limetulia, kuna kilicholegea kati ya mguu na zege, na mkandarasi akirekebishe kabla hajalipwa.

Fundi mitambo,
Morogoro