Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Watoto wetu wenye selimundu wamefika sekondari

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulituagiza tuwasikilize watoto waliovuka umri wa kubebwa mgongoni. Miaka yote tumeongea sisi wazazi, wao wamekaa pembeni na chupa zao za maji. Mwaka huu tumefanya vikao vinne vya kwao peke yao, mzazi haingii. Nitakayosema wameniruhusu niyaseme.

Kilio kikubwa ni bweni. Binti wa kidato cha pili alitusimulia alfajiri yake: mchakamchaka, kuoga maji ya baridi, kisha mstarini bila kunywa chochote. Sisi wa Kanda ya Ziwa, ambako ugonjwa huu umeenea sana, tunajua baridi, uchovu na ukosefu wa maji vinavyozifanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu na kuziba mishipa. Miguu ilipoanza kumuuma aliambiwa anategea, akarushwa kichurachura. Jioni yake alikuwa wodini. Cheti cha daktari kilikuwepo, kwenye faili ofisini. Matroni hakuwahi kukiona. Mama yake alilia mbele yangu, nami sikuwa na neno.

Jingine ni mwili. Balehe kwa watoto hawa huchelewa. Wenzao wanavunja ungo, sauti zinabadilika, wao bado wanaitwa "dogo" na kuulizwa kwa nini macho ni ya njano. Kijana mmoja alikiri ameacha haidroksiyurea, dawa ya kila siku ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, kwa sababu kuimeza mbele ya bweni zima ni kujitangaza. Wengine wawili wakainua mikono. Dawa hiyo haimsaidii anayeimeza leo na kuiacha kesho.

Akina baba, wavulana walimweleza muuguzi jambo ambalo hawajawaambia ninyi: uume kusimama kwa maumivu, mara nyingi usiku. Waulizeni kwa upole. Ikidumu zaidi ya masaa manne mfululizo ni dharura, msisubiri kukuche.

Juni 19 tuliadhimisha Siku ya Selimundu Duniani, na hesabu atazisoma mweka hazina.

Kamati imeandaa barua ya ukurasa mmoja ya kukabidhiwa matroni na mwalimu wa zamu mkononi. Nakala ziko kwa katibu, zichukueni kabla shule hazijafunguliwa Januari. Yule binti ndiye aliyeisahihisha. Ameongeza kwa kalamu yake: maji ya kunywa darasani, na ruhusa ya kwenda chooni bila kuomba mara mbili.